Kufikisha aplikesheni yako Google Play ukiwa Mbeya: mwongozo kamili, kuanzia ada hadi siku inapoonekana dukani

Aplikesheni yangu ya kwanza niliiandika kwa ajili ya wakulima wa viazi. Ukisimama pembeni ya shamba Umalila au Isongole siku ya kuvuna, utakuta hesabu zote ziko kwenye kipande cha boksi: magunia mangapi yametoka, nani kachukua kwa mkopo, dalali kalipa nusu au kamaliza. Mvua ikinyesha, boksi limelowa na hesabu zimeondoka nalo. Kuandika daftari la simu la kuchukua nafasi ya boksi lile kulinichukua miezi mitatu. Kulifikisha Play Store kukala karibu miezi mitatu mingine, na sehemu kubwa ya muda huo iliishia kwenye mambo ambayo mtu angenieleza kwa nusu saa. Nataka kukueleza hayo, usipoteze msimu mzima kama mimi.

Kuna jambo moja la kuweka kichwani tangu mwanzo. Anayekagua kazi yako, awe mtu au mashine, hajui Mwanjelwa iko wapi, hana laini ya simu ya Tanzania, na huenda hasomi Kiswahili. Mbele yake kuna vitu viwili tu: aplikesheni yako na fomu ulizojaza. Akishindwa kuingia ndani, anarudisha. Akikuta fomu inasema hivi na aplikesheni inafanya vile, anarudisha. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inatokana na hilo.

Akaunti: yako binafsi au ya taasisi

Ada ya kufungua akaunti ya msanidi ni dola 25 za Marekani, unalipa mara moja tu. Apple wao wanatoza dola 99 kila mwaka. Kwa kuwa simu nyingi mikononi mwa watu huku nyanda za juu ni Tecno, Infinix, itel na Samsung, anzia Android. Mambo ya iPhone yasubiri kwanza.

Utaulizwa kama akaunti ni ya mtu binafsi au ya taasisi. Usijibu haraka. Akaunti binafsi yoyote iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 lazima ifanye jaribio la watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kutoka hadharani. Mwanzoni walitakiwa watu 20, idadi ikapunguzwa mwishoni mwa 2024. Akaunti ya taasisi haina sharti hilo, ila inadai namba ya D-U-N-S, ambayo ni namba ya tarakimu tisa ya kutambulisha biashara inayotolewa na kampuni ya Dun & Bradstreet. Kuiomba ni bure, inaweza kuchukua hadi siku 30, na jina na anuani utakazowapa lazima zilingane na zilizo kwenye usajili wako wa BRELA, herufi kwa herufi.

Ushauri wangu: kama biashara yako imeshasajiliwa BRELA na unategemea kutoa aplikesheni zaidi ya moja, chukua ya taasisi na uvumilie huo mwezi wa D-U-N-S. Kama ndiyo kwanza unaanza, binafsi inatosha. Lakini ukigusa mikopo na huduma za fedha, huduma za afya, VPN au kazi ya serikali, hapo huna cha kuchagua: sera inataka taasisi. Wengi wanaotengeneza aplikesheni za kukopesha hukwama hapa wakiwa wameshamaliza kazi.

Kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram utakutana na watu wanaouza akaunti za zamani zisizo na sharti la watu 12. Usinunue. Mfumo wa Google huunganisha akaunti zenye uhusiano, na akaunti ikifungwa kwa makosa ya mmiliki wa kwanza, ya kwako nayo inaweza kufungwa, na hata utakazofungua baadaye. Nina jamaa Iringa aliyepoteza kazi ya mwaka mzima kwa njia hiyo, na bado naumia nikimkumbuka.

Malipo yafanye kwa Visa au Mastercard ya benki. Kadi za kulipia kabla hazikubaliwi, na kadi pepe nyingi ziko kwenye kundi hilo. Kadi yangu ilikataa mara mbili ingawa salio lilikuwapo, kumbe huduma ya manunuzi ya mtandaoni haikuwa imefunguliwa. Nilikwenda tawini na kitambulisho, ikafunguliwa kwa dakika kumi. Kwa hiyo waulize benki kabla hujajaribu, na acha salio lizidi kidogo dola 25 kwa ajili ya makato ya kubadili fedha.

Baada ya ada kuna uhakiki wa utambulisho. Jaza majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA au pasipoti, yote na kwa mpangilio uleule. Mtu ambaye kwenye Gmail anajiita kwa majina mawili huku kitambulisho kina matatu anajitafutia kurudishwa. Kwenye anuani, tumia mtaa, kata na postikodi yako ya makazi (za Mbeya zinaanza na 53, za Iringa 51). Ukitakiwa kuthibitisha unapoishi, taarifa ya benki yenye jina na anuani hukubalika. Risiti ya LUKU usiitegemee, maana wengi tumepanga na mita mara nyingi iko kwa jina la mwenye nyumba. Badilisha anuani yako benki mapema, kabla hujaanza mchakato.

Akaunti binafsi pia inadai uthibitishe kuwa una simu halisi ya Android. Unaweka aplikesheni ya Play Console, yaani sehemu ya Google ya kusimamia aplikesheni zako, kwenye simu hiyo na kuingia. Ujue vilevile kwamba jina lako la kisheria, nchi na barua pepe vitaonekana hadharani, na ukianza kuuza kitu ndani ya aplikesheni, anuani kamili nayo itaonekana. Fungua barua pepe ya kazi, usitumie ile ya familia.

Kabla ya kutoa faili la mwisho

Mambo machache hapa hayana marekebisho baadaye, kwa hiyo yafanye kwa utulivu.

Kwanza ni jina la utambulisho la ndani, lile linaloandikwa kwa mtindo wa tz.co.biasharayako.viazi. Ukishatoa aplikesheni, jina hilo halibadiliki milele. Ukiacha lile la mfano linaloanza na com.example, Play italikataa.

Pili ni ufunguo wa kusaini, yaani faili la siri linalothibitisha kwamba aplikesheni imetoka kwako. Google wenyewe hutunza ufunguo mkuu, wewe unabaki na ufunguo wa kupakia. Ukiupoteza, mwenye akaunti anaweza kuomba ubadilishwe, lakini unasubiri. Hifadhi nakala kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba tofauti, na nenosiri lake liandike mahali pengine. Kompyuta zinaibiwa, na umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, diski inaweza kufa.

Faili lenyewe lazima liwe la aina ya AAB (kifurushi cha kupakia Play), maana tangu Agosti 2021 aplikesheni mpya hazipokelewi kwa APK, lile faili linalosakinishwa moja kwa moja kwenye simu. Tangu tarehe 31 Agosti 2025, aplikesheni mpya na matoleo mapya lazima yalenge Android 15, yaani kiwango cha 35 cha API (namba ambayo wasanidi hutumia kutaja toleo la Android). Kiwango hiki hupandishwa karibu kila mwaka, kwa hiyo ukifuata somo la video la zamani utarudishwa papo hapo. Na kila unapopakia faili jipya, namba ya toleo lazima iwe kubwa kuliko iliyotangulia, hata kama umebadilisha nukta moja.

Kulenga Android 15 hakumaanishi kuwaacha wenye simu za zamani. Kiwango cha chini unapanga mwenyewe. Mimi nililenga 35 lakini nikaruhusu hadi Android 7, kwa sababu simu ya pili ninayoiona sana kule mashambani ni itel ya miaka mingi yenye RAM ya GB 1. Punguza pia uzito wa faili. Mtu wa Kilolo aliyenunua bando la siku hatalimalizia kwako.

Mfungulie mkaguzi mlango

Hapa ndipo nilipoangukia mara ya kwanza, na kosa lilikuwa langu. Aplikesheni yangu ilikuwa inamtaka mtu aweke namba ya simu inayoanza na +255, kisha inatuma tarakimu sita kwa SMS. Kwangu na kwa mdogo wangu ilifanya kazi vizuri. Mkaguzi hakuwa na laini ya kupokelea hiyo SMS. Akaishia kwenye ukurasa wa kwanza, hakuona hata gunia moja, akarudisha.

Ndani ya Play Console kuna sehemu ya App access. Ukisema kuna kurasa zinazohitaji kuingia, unatakiwa kutoa njia inayofanya kazi wakati wowote, kutoka nchi yoyote, na inayoweza kurudiwa bila kikomo. Maelekezo hayo yaandike kwa Kiingereza chepesi, hata kama aplikesheni yote ni ya Kiswahili, kwa sababu ndivyo wanavyotaka.

Kama unatumia Firebase (huduma ya Google kwa wasanidi) kwa kuingia kwa namba ya simu, suluhisho lipo tayari. Kwenye mipangilio ya njia hiyo ya kuingia unaweza kuandika hadi namba 10 za majaribio, kila moja na tarakimu zake maalumu zisizobadilika. SMS haitumwi. Mkaguzi anaandika namba ile, anaandika zile tarakimu sita, anaingia. Chagua namba ambayo si ya mtu yeyote. Kama mfumo wa kuingia umeutengeneza mwenyewe, weka akaunti moja ya mkaguzi upande wa seva yenye nenosiri la kudumu.

Usiishie mlangoni. Akaunti ile ya mkaguzi ijaze vitu. Ya kwangu ya pili niliiwekea shamba moja, magunia 14 ya viazi, wanunuzi watatu na deni ambalo halijalipwa, ili akifungua aone aplikesheni inafanya nini. Nikaandika chini yake mistari minne: bonyeza kitufe cha kijani kuongeza gunia, neno hili maana yake ni uzito, hili ni bei, ukurasa wa madeni uko upande wa kulia. Mgeni akikaribishwa hivyo hapotei.

Na kama aplikesheni yako inafanya kazi ndani ya Tanzania tu kwa kuzuia nchi nyingine kwenye seva, ondoa kizuizi hicho kwa akaunti ya mkaguzi. Hakagulii Mbeya.

Fomu ya taarifa: sema kila kinachotoka kwenye simu

Kurudishwa kwangu kwa pili kulitoka hapa. Kwenye sehemu ya Data safety niliandika kwamba sikusanyi chochote. Niliamini hivyo kwa moyo mweupe, kwa sababu sikuwa nimeandika mstari wowote wa kuchukua taarifa za mtu zaidi ya namba yake. Nilisahau kwamba nilikuwa nimeunganisha Crashlytics ya kuniletea ripoti aplikesheni inapokwama. Hiyo hutuma kumbukumbu za mkwamo pamoja na kitambulisho cha usakinishaji. Na namba ya simu yenyewe ni taarifa binafsi.

Fanya hivi. Fungua orodha ya maktaba zote ulizounganisha, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine, moja baada ya nyingine: za matangazo, za takwimu, za ramani, za kuingia. Wenye maktaba kubwa wameandika ukurasa unaoeleza ni taarifa gani maktaba yao inachukua na kwa nini. Soma, kisha uhamishie kwenye fomu. Pamoja na mengine, fomu itakuuliza mambo manne: unakusanya taarifa zipi, zipi unampa mtu mwingine, zinasafirishwa kwa njia salama, na mtumiaji anaweza kuomba zifutwe? Jibu kwa kile aplikesheni inachofanya leo, si kile unachopanga kufanya mwakani.

Sambamba na fomu kuna sera ya faragha. Kila aplikesheni inatakiwa kuwa nayo, hata ile isiyokusanya kitu. Iwe ukurasa wa wavuti ulio wazi kwa kila mtu. PDF haikubaliki, wala hati ambayo wengine wanaweza kuihariri. Google Sites au GitHub Pages zinatosha, na ni bure. Taja jina la aplikesheni, wewe ni nani, unachukua nini, unakitunza muda gani, na mtu akutafute kwa barua pepe ipi. Kiungo chake kiwepo dukani na kiwepo ndani ya aplikesheni. Mimi niliiandika kwa Kiswahili juu na Kiingereza chini, maana mkulima ana haki ya kuisoma, na mkaguzi naye lazima aielewe.

Kama mtu anaweza kufungua akaunti ndani ya aplikesheni yako, lazima pia aweze kuifuta humohumo, na uwepo ukurasa wa wavuti wa kuomba kufutiwa kwa aliyeshaitoa aplikesheni kwenye simu. Kitufe cha kutoka hakihesabiwi. Wanataka taarifa zifutwe.

Tena usifikirie ni matakwa ya Google peke yao. Nchini kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayosajili wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Namba ya simu ya mkulima na orodha ya madeni yake ni mali yake. Mimi hili nalichukulia kwa uzito hata kama hakuna anayenikagua.

Ruhusa, hasa ya SMS

Kila msanidi wa Tanzania huja na wazo hili mapema: aplikesheni isome SMS za M-Pesa au Airtel Money na kuingiza malipo yenyewe kwenye hesabu. Wazo zuri, lakini ruhusa ya kusoma SMS imebanwa sana. Kwa kawaida inatolewa kwa aplikesheni ambazo ndizo za kutumia SMS kwenye simu, na ruhusa za pekee chache zinazoombwa kwa fomu maalumu. Ukiiacha ndani bila tamko, toleo lako halipiti. Mimi niliiondoa, nikaweka kisanduku ambapo mtu anabandika ujumbe alioukopi, nayo aplikesheni inachomoa kiasi na namba ya muamala. Ni hatua moja zaidi kwa mkulima, lakini imepita, na watu wameizoea.

Mahali alipo mtu wakati aplikesheni imefungwa, mafaili yote ya simu, picha zote: kila moja inadai sababu na tamko. Kama unahitaji picha ya gunia, tumia kichagua picha cha Android chenyewe, ambacho hakidai ruhusa yoyote.

Hapa niseme pia kuhusu taarifa za serikali. Kuna wanaotengeneza aplikesheni za matokeo ya mitihani ya NECTA, bei za mazao zinazotangazwa na wizara, au ratiba za ofisi za umma. Inaruhusiwa, lakini lazima uweke wazi, kwenye maelezo ya dukani, kiungo cha chanzo rasmi na kauli kwamba huiwakilishi serikali. Usiweke Bibi na Bwana (nembo ya taifa) wala nembo ya taasisi kwenye ikoni. Hiyo inahesabiwa kuwa kujifanya mtu mwingine.

Malipo nayo yana mpaka. Ukiuza kitu cha kidijitali, kama ukurasa wa ziada wa ripoti, unatumia mfumo wa malipo wa Google Play, na makato ni asilimia 15 kwa dola milioni moja za kwanza kila mwaka. Ukiuza kitu cha kushikika, kama viazi, mbolea au usafiri, mfumo huo hautumiki. Hapo M-Pesa, Mixx, Airtel Money na HaloPesa ni ruksa.

Ukurasa wa dukani

Hapa si pagumu. Jina lisizidi herufi 30, maelezo mafupi 80, marefu 4,000. Ikoni ni pikseli 512 kwa 512, bango ni 1024 kwa 500, na picha za skrini ziwe mbili hadi nane. Kwenye jina usiweke maneno kama bora, namba moja au bure, wala emoji, wala herufi kubwa tupu. Picha ziwe za aplikesheni ilivyo sasa. Andika kwa Kiswahili fasaha anachokitafuta mtu: daftari la mavuno, hesabu za magunia, madeni. Usirundike majina ya mazao yote ya Tanzania ukidhani utapatikana zaidi.

Dodoso la umri linajazwa kwa dakika tano. Kama una matangazo, sema unayo. Tamko la huduma za fedha linajazwa na kila mtu, hata asiye na huduma hizo.

Watu 12, siku 14

Jaribio la ndani, linaloruhusu watu hadi 100, halihesabiwi kwenye sharti hili. Linalohesabiwa ni Closed testing. Unatengeneza orodha ya barua pepe za Gmail, unapakia toleo, linakaguliwa, kisha unapata kiungo cha kuwapa wajaribu. Kila mmoja anafungua kiungo, anakubali kuwa mjaribu, anashusha kutoka Play Store. Wanatakiwa wawe 12 waliokubali, kwa siku 14 bila kukatika. Mmoja akijitoa siku ya kumi na ukabaki na 11, umepungukiwa. Kwa hiyo tafuta 18 au 20.

Wasitoke kwenye magrupu ya kubadilishana majaribio. Ukiomba ruhusa ya kutoka hadharani utaulizwa umewapata wapi, wametumiaje na umebadilisha nini kutokana na maoni yao. Watu waliofungua mara moja na kuisahau hawakupi cha kujibu. Mimi nilichukua ndugu, wanakwaya wawili wa kanisani, dalali mmoja wa soko la Mwanjelwa, vijana watatu wa chuo kikuu cha MUST, na wakulima wenyewe.

Kinachosumbua zaidi ni Gmail. Watu wengi walifunguliwa akaunti na fundi aliyewauzia simu na hawaijui. Nilipofika kwa shangazi, Isongole, alikuwa ameketi karibu na jiko la mkaa, simu ameiweka juu ya mfuko wa mbolea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Hiki kitu chako kinasema hakijapatikana. Nimebonyeza tangu asubuhi."

Nikaichukua simu. Play Store ilikuwa imeingia kwa barua pepe moja, na kivinjari kwa nyingine, ya binamu yangu aliyewahi kuitumia simu ile. Kiungo cha kujaribu kilifunguka upande wa binamu, ambaye hayumo kwenye orodha. Niligusa picha ndogo ya duara juu kulia mwa Play Store, nikasoma barua pepe iliyoandikwa pale, nikaiongeza ileile kwenye orodha yangu, nikafungua kiungo upya kwa akaunti hiyo. Ikashuka.

"Ndaga," akasema, yaani asante, kisha akaanza kuingiza magunia ya wiki iliyopita kabla sijapewa hata chai. Dakika tano baadaye akaniuliza: "Lumbesa naiandika moja au moja na nusu?"

Sikuwa nimefikiria. Wakala wa Vipimo anakataza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, lakini mkulima anayekandamizwa na dalali anahitaji kuandika kilichotokea kweli shambani. Nikaongeza sehemu ya kilo halisi pembeni ya idadi ya magunia. Nilipofika kwenye swali la umebadilisha nini, nilikuwa na jibu la kweli, lenye tarehe na toleo.

Kwa hiyo kabla ya kuchukua barua pepe ya mtu kwa mdomo, mwombe akutumie picha ya skrini ya Play Store inayoonyesha akaunti. Waeleze wasiifute hadi uwaambie. Toa matoleo mapya mawili au matatu ndani ya siku zile 14, yanayojibu wanachokwambia. Na angalia ripoti ya majaribio ya awali inayotengenezwa na Play yenyewe kwenye simu zake. Mara nyingi inaonyesha mikwamo ambayo simu yako haina.

Siku ya 15 kitufe cha kuomba kutoka hadharani kinafunguka. Jibu maswali kwa sentensi kamili. Majibu huja kwa kawaida ndani ya siku saba, na ukaguzi wa toleo lenyewe nao unaweza kufika siku saba au zaidi. Usiahidi wateja tarehe.

Wakirudisha

Soma barua yote. Inataja sera iliyovunjwa, na mara nyingine inaambatana na picha ya mahali penyewe. Kurudishwa si adhabu, hakuandikwi kama kosa kwenye akaunti. Kusimamishwa ndiko kunaandikwa, na yakijirudia akaunti inafungwa. Kwa hiyo usipakie faili lilelile ukitumaini utapata mkaguzi mpole.

Rekebisha, pandisha namba ya toleo, na usisahau jambo linalowakwamisha wengi: toleo bovu likibaki hai kwenye mkondo wa majaribio, unaweza kurudishwa tena kwa kosa lilelile hata kama toleo la hadharani ni safi. Weka toleo jipya kwenye mikondo yote. Rufaa ikate pale tu unapoamini hawakuelewa, na uandike kwa ufupi: ukurasa gani, kitufe gani, kinafanya nini. Picha moja inasaidia kuliko aya tatu za malalamiko.

Ikishatoka

Toleo la kwanza linakwenda kwa wote mara moja. Kuanzia la pili unaweza kulitoa kwa sehemu, asilimia 10 kwanza, ukaangalia siku mbili, ndipo ukaongeza. Fanya hivyo kila mara.

Play hupima aplikesheni inakwama kwa watu wangapi. Mikwamo ikizidi asilimia 1.09 ya watumiaji wa siku, au kuganda kukizidi asilimia 0.47, inaanza kukushusha kwenye matokeo ya utafutaji. Kipo pia kipimo cha aina moja ya simu: ikizidi asilimia 8 kwenye aina hiyo, wenye simu hizo wanaweza hata kuonyeshwa onyo kabla ya kushusha. Kijiji kizima kinaweza kuwa kimenunua simu za aina moja kutoka duka moja la Mwanjelwa au Makambako, kwa hiyo kosa dogo kwenye itel moja linakugharimu kijiji. Kabla ya kila toleo naazima simu ya shangazi kwa jioni moja, naijaza magunia 300, nazima data, nawasha tena, halafu ndiyo napakia.